Mstari Mmoja, Maradhi Mawili: Uchambuzi wa Sera za Usalama wa Maudhui

Jina lenyewe linapotosha. Msomaji wa Tanzania akisikia "sera ya maudhui", fikra zake huenda kwa Mamlaka ya Mawasiliano na kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 na 2020, yaani suala la nani achapishe nini. Sera ya Usalama wa Maudhui, ambayo mafundi huiita CSP, haihusiani na hayo. Ni maelekezo ambayo seva huyatuma kwa kivinjari pamoja na ukurasa: skripti zitoke hapa, picha pale, na taarifa za mteja zisipelekwe kwingine.

Mkanganyiko wa pili uko miongoni mwa mafundi wenyewe, na huo ndio wenye gharama. Mkaguzi wa usalama anaandika katika ripoti yake kwamba tovuti haina CSP. Mtengenezaji anatafuta mfano, anaunakili, anaubandika kwenye mipangilio ya seva. Alama nyekundu inageuka kijani na faili linafungwa. Je, tovuti imekuwa salama zaidi? Wako wanaojibu kwamba orodha ya vyanzo vinavyoruhusiwa inatosha. Wako wanaosema orodha hiyo ni pambo, na kwamba kinachofaa ni namba ya siri inayobadilika kila ukurasa unapofunguliwa. Na wako wanaosema yote hayo ni kupoteza muda: andika kodi safi, basi. Kila upande una ushahidi wake. Makala haya yanauweka ushahidi huo kwenye mizani moja.

Imani ya kivinjari

Chanzo cha tatizo ni imani. Kivinjari kikipokea ukurasa kutoka tovuti ya benki, kila kilichomo hukihesabu kuwa ni cha benki. Hakina namna ya kutofautisha skripti aliyoiandika mtengenezaji na ile iliyopenyezwa na mdukuzi kupitia kisanduku cha maoni, jina la mtumiaji au kiungo kilichotegwa. Zote mbili hupata haki zilezile: kusoma kilicho ukurasani, kutuma maombi kwa jina la mteja, na kubadilisha anachokiona. Mwanzoni mwa mwaka 2000, wahandisi wa Microsoft waliupa udhaifu huo jina linalofupishwa XSS. Kwa Kiswahili tuuite udungaji wa skripti.

Uzito wake ulionekana tarehe 4 Oktoba 2005, pale Samy Kamkar alipoweka kodi kwenye wasifu wake katika mtandao wa MySpace. Kila aliyeufungua wasifu huo alimwongeza Samy kuwa rafiki bila kujua, kisha kodi ikajinakili kwenye wasifu wa mgeni huyo na kumngoja anayefuata. Katika muda usiofika saa 20, wasifu zaidi ya milioni moja ulikuwa umeambukizwa. MySpace haikuwa imelala. Ilikuwa na kichujio kilichoondoa neno "javascript". Samy alilikata neno hilo katikati na kuliweka kwenye mistari miwili, na baadhi ya vivinjari vikaliunganisha tena. Hapo ndipo ubovu wa vichujio unapojitokeza: mlinzi lazima ajue hila zote, mvamizi anahitaji moja tu.

CSP ilizaliwa kwa kuligeuza jambo hilo. Badala ya kutafuta kibaya, ukurasa utangaze mapema kilicho chema, na kivinjari kikatae kilichobaki. Firefox 4 iliyotoka Machi 2011 ilikuja na utekelezaji wa kwanza. Toleo la pili la kanuni hizo lilipitishwa rasmi na W3C, chombo cha viwango vya wavuti, Desemba 2016. Toleo la tatu limekaa kwa miaka likiwa rasimu, ingawa vivinjari vikuu vinatekeleza sehemu yake kubwa.

Bawabu na namna ya kumtambua mgeni

Sera ni mfululizo wa maagizo mafupi yanayotenganishwa kwa nuktamkato. script-src husema skripti zitoke wapi; img-src husema hivyo kuhusu picha; connect-src hutaja seva ambazo skripti zinaweza kuwasiliana nazo; form-action hutaja fomu zitumwe wapi; frame-ancestors hutaja ni tovuti gani zinaweza kuuweka ukurasa ndani ya fremu zao. Agizo la default-src hushika nafasi ya maagizo ya upakiaji ambayo hayakutajwa. Wengi hudhani linashika nafasi ya yote. Halishiki. Fomu, ukurasa kuwekwa ndani ya fremu za wengine na anwani ya msingi ya ukurasa havimo ndani yake, na anayeishia kwenye default-src ameiacha milango hiyo wazi.

Ubishi mkubwa uko kwenye script-src, nao ni ubishi wa namna ya kumtambua mgeni. Chukua mfano wa bawabu kwenye mlango wa ukumbi wa harusi. Anaweza kuagizwa kwamba watu wote wa Kariakoo na Ilala waingie. Hiyo ndiyo orodha ya ruhusa, inayomtambua mgeni kwa anakotoka. Au anaweza kuagizwa aangalie kadi yenye namba iliyochapwa kwa ajili ya usiku huo tu. Hiyo ndiyo njia ya nonsi, namba ya nasibu ambayo seva huitunga upya kwa kila jibu na kuiandika mahali pawili: ndani ya sera na kwenye kila tagi halali ya skripti. Ndugu wa nonsi ni heshi, ambapo sera hubeba alama ya kipekee inayotokana na maneno yenyewe ya skripti. Herufi moja ikibadilika, alama hailingani na skripti haiendeshwi.

Upande wa orodha ya ruhusa

Nguvu ya orodha ni urahisi. Mtu yeyote anaweza kuisoma na kuielewa: skripti zetu, za kampuni ya malipo, na za takwimu. Haihitaji kugusa kodi ya programu, inawekwa kwenye seva mara moja, na inafanya kazi hata kwenye kurasa zilizohifadhiwa kwenye kache. Kwa timu yenye fundi mmoja anayehudumia tovuti kumi, hilo si jambo dogo.

Udhaifu wake ulianikwa mwaka 2016 na watafiti wanne wa Google: Lukas Weichselbaum, Michele Spagnuolo, Sebastian Lekies na Artur Janc. Walichunguza sera 26,011 zilizotofautiana, kutoka seva zaidi ya milioni 1.6. Waligundua kwamba asilimia 94.68 ya sera zilizojaribu kudhibiti skripti hazikufanikiwa, na kwamba asilimia 99.34 ya seva zenye CSP hazikupata faida yoyote dhidi ya udungaji wa skripti.

Sababu zilikuwa mbili kuu. Ya kwanza ni agizo la 'unsafe-inline', linaloruhusu skripti zilizoandikwa ndani ya ukurasa wenyewe. Tovuti za zamani zimejaa skripti za namna hiyo, hivyo sera ikiwashwa ukurasa hufa, na fundi huongeza agizo hilo ili ufufuke. Lakini skripti ya mdukuzi nayo huwa imo ndani ya ukurasa. Ni sawa na kumwambia bawabu kwamba yeyote atakayemkuta tayari yuko ukumbini asiulizwe kitu.

Sababu ya pili haionekani kwa urahisi. Kati ya vikoa 15 vilivyoruhusiwa zaidi kupakia skripti, 14 vilikuwa na mlango wa nyuma: huduma ya zamani inayorudisha kodi kwa jina analolichagua mwombaji, au maktaba kama AngularJS inayoweza kugeuza maandishi ya kawaida kuwa amri. Mdukuzi hana haja ya kuleta skripti kutoka kwake. Anaazima ya jirani aliyeruhusiwa. Ukiruhusu mtaa mzima, umemruhusu na kibaka wa mtaa huo.

Upande wa nonsi

Watafiti walewale walipendekeza nonsi ikisindikizwa na agizo jipya, 'strict-dynamic'. Agizo hilo linafanana na ile kadi inayoandikwa "double": skripti yenye nonsi inaruhusiwa kuingia na skripti nyingine inayoipakia yenyewe, na orodha ya vikoa inapuuzwa. Nguvu yake ni kwamba swali linabadilika. Kivinjari hakiulizi tena skripti imetoka wapi. Kinauliza kama mwenye ukurasa aliikusudia. Mdukuzi anayedunga tagi yake kwenye maoni hawezi kubahatisha namba ya biti 128 iliyotungwa sekunde ileile.

Gharama zake ni za aina nyingine. Kwanza, nonsi hutaka ukurasa utengenezwe upya kwa kila ombi. Ukurasa ukihifadhiwa kwenye kache na kugawiwa kwa watu elfu, namba ya siri imekuwa tangazo. Kwa tovuti za kurasa tuli, heshi ndiyo inayofaa. Pili, vitufe vyenye onclick ndani ya HTML havipokei nonsi. Lazima vihamishiwe kwenye faili za skripti, na katika mfumo wa miaka kumi hiyo ni kazi ya miezi. Tatu, mchomeko wa nonsi ukifanywa na programu inayopita kwenye ukurasa na kugonga muhuri kila tagi ya skripti inayoiona, tagi ya mdukuzi nayo itagongwa muhuri. Nne, agizo la base-uri likisahauliwa, mdukuzi anaweza kudunga anwani mpya ya msingi, na skripti halali zenye njia fupi zikaenda kupakiwa kwenye seva yake zikiwa na nonsi sahihi mkononi.

Kuna jambo moja linalowachanganya wakaguzi. Sera yenye nonsi mara nyingi hubeba pia 'unsafe-inline'. Hilo si kosa. Vivinjari vinavyoielewa nonsi hulipuuza agizo hilo. Limewekwa kwa ajili ya vivinjari vikongwe visivyoielewa. Chombo cha ukaguzi kinachotafuta neno tu bila kusoma sera nzima humlaumu asiye na kosa.

Upande wa wasioiamini

Wapo wanaosema dawa ya udungaji wa skripti ni kuzuia udungaji wenyewe. Mifumo ya kisasa kama React na Angular hugeuza alama hatari kuwa maandishi ya kawaida kabla ya kuzionyesha. Miezi inayotumika kulea sera, wanasema, ingetosha kukagua kila mahali ambapo programu inapokea maneno ya mtumiaji.

Hoja hii ina msingi. Waanzilishi wa CSP wenyewe waliieleza kama kinga ya ziada, si badala ya kodi safi. Anayeacha kusafisha maingizo kwa kuwa "tuna CSP" amebomoa ukuta kwa kutegemea uzio.

Lakini hoja hiyo inachukulia kwamba kodi yote inayoendeshwa kwenye ukurasa wako ni yako. Ukurasa wa biashara wa leo hubeba skripti za takwimu, za matangazo, za gumzo la wateja, za ramani na za malipo. Hizo huandikwa na watu usiowajua na hubadilishwa saa usiyoijua. Huwezi kusafisha kodi usiyoiona.

Matukio matatu yanayoamua kesi

Tarehe 11 Februari 2018, skripti ya Browsealoud, inayowasomea watumiaji maandishi kwa sauti, iliingiliwa na kugeuzwa mashine ya kuchimba sarafu za kidijitali. Tovuti zaidi ya 4,000 ziliathirika, zikiwemo za mahakama za Marekani na ya Ofisi ya Kamishna wa Habari ya Uingereza, yaani msimamizi mwenyewe wa ulinzi wa data. Skripti iliyoingiliwa ilikwenda kuita nyingine kutoka kikoa cha Coinhive. Orodha ya ruhusa isiyo na kikoa hicho ingeisimamisha hatua hiyo ya pili. Alama ya heshi kwenye tagi ya Browsealoud ingeikataa tangu mwanzo.

Agosti na Septemba mwaka huohuo, wadukuzi walibadilisha faili la skripti kwenye tovuti ya British Airways. Mistari 22 ilitosha kunakili taarifa za kadi na kuzituma kwenye kikoa cha baways.com. Oktoba 2020 kampuni ilitozwa faini ya pauni milioni 20 na ofisi ileile ya kamishna. Hapa faili lilikuwa kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, hivyo orodha ingelikubali na nonsi ingelikubali vilevile. Agizo ambalo lingezuia madhara ni lile ambalo wengi huliacha wazi: connect-src, linalokataza taarifa kutoka kwenda kusikojulikana. Hata hilo lina sharti, kwamba mdukuzi asiwe na uwezo wa kubadilisha sera yenyewe.

Juni 2024 ilikuwa zamu ya polyfill.io, kikoa kilichotoa vipande vya kodi kwa ajili ya vivinjari vya zamani. Kiliuzwa Februari mwaka huo, na mmiliki mpya akaanza kukitumia kupenyeza kodi mbaya. Tovuti zaidi ya 100,000 zilikuwa zikikitumia. Orodha ya ruhusa isingesaidia, kwa sababu kikoa kilikuwa ndani ya orodha. Nonsi isingesaidia, kwa sababu tagi ilikuwa halali. Heshi isingewezekana, kwa sababu huduma ile ilirudisha kodi tofauti kwa kila aina ya kivinjari. Kilichotakiwa ni mtu wa kuuliza: skripti hii bado tunaihitaji? Vivinjari vya wakati huo vilikuwa vimekwishaacha kuihitaji.

Ukiyapanga matukio haya, ubishi wa pande tatu unafumbuka. CSP ni mstari mmoja unaotibu maradhi mawili. Ugonjwa wa kwanza ni mgeni kupenya mlangoni, na dawa yake ni nonsi au heshi. Ugonjwa wa pili ni mwenyeji kugeuka, na dawa yake ni kubana njia za kutokea pamoja na kupunguza wenyeji. Wapenzi wa orodha na wapenzi wa nonsi wamekuwa wakibishana kuhusu dawa bila kukubaliana ni mgonjwa yupi.

Na kubana njia za kutokea nako kuna mwisho wake. Mwaka 2020 wataalamu walikuta wezi wa kadi wakituma walichoiba kupitia Google Analytics, kikoa ambacho sera nyingi zilikuwa zimekiruhusu. Isitoshe, wizi mwingine hauna cha kutuma. Muuzaji wa Dar es Salaam anayeonyesha Lipa Namba kwenye ukurasa wake, au wa Nairobi anayeonyesha namba ya Paybill, anaweza kuibiwa kwa skripti inayobadilisha tarakimu chache kwenye kioo cha mteja. Hakuna data iliyotoka, connect-src haina cha kuzuia, na fedha zimekwenda. Kwa biashara ya namna hiyo, kinga ya mlangoni ina uzito kuliko kinga ya njia za kutokea.

Usimamizi ndio mzigo

Mstari wa sera huandikwa kwa dakika tano. Kuulea ndiko kazi. Njia inayokubalika ni kuanza na hali ya kuripoti tu, ambapo kivinjari hakizuii kitu bali hutuma taarifa ya kila ambacho kingezuiwa. Hatari zake ni mbili. Ripoti nyingi hutokana na viendelezi ambavyo watumiaji wameviweka kwenye vivinjari vyao, hivyo kelele huficha habari. Na hali hiyo isipowekewa tarehe ya mwisho hugeuka makazi ya kudumu: sera inayolalamika miaka mitatu bila kumzuia mtu.

Ugumu mwingine ni wa kiofisi. Idara ya masoko huongeza skripti ya kampeni Ijumaa jioni bila kuwaambia mafundi. Ikizuiwa, lawama huiangukia sera, na suluhisho la haraka ni kuilegeza. Baada ya kampeni hakuna anayekumbuka kukaza tena. Kuna pia wenye sera mbili, moja kutoka kwenye programu na nyingine kutoka kwenye seva, wakidhani ya pili itailegeza ya kwanza. Kivinjari hutekeleza zote kwa pamoja. Kinachopita ni kile tu kilichoruhusiwa na kila mojawapo.

Shinikizo la nje limeongezeka. Kiwango cha usalama wa kadi za malipo, PCI DSS toleo la 4, kiliweka tarehe 31 Machi 2025 kuwa mwisho wa hiari. Tangu hapo, skripti za kurasa za malipo zinazoguswa na sharti hilo lazima ziwe na idhini, uthibitisho kwamba hazikubadilishwa, na daftari linaloeleza kwa maandishi kila moja ina kazi gani. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, zinamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde ipasavyo.

Mizani

Kwa programu inayotengeneza kurasa kwa kila ombi, kama mfumo wa benki au wa hospitali, nonsi pamoja na object-src na base-uri zilizowekwa 'none' ndiyo chaguo lenye ushahidi mzito zaidi. Kwa tovuti ya kurasa tuli, heshi. Kwa tovuti ya WordPress yenye programu-jalizi 30 zinazotema skripti ndani ya ukurasa, ukweli mchungu ni kwamba script-src kali haitadumu wiki. Faida kubwa itatoka kwenye kufuta nusu ya programu-jalizi hizo. Kwa ukurasa wa malipo, lolote utakalochagua mlangoni, ongeza orodha fupi ya connect-src na form-action. Na frame-ancestors, inayozuia wadanganyifu kuuweka ukurasa wako bila kuonekana juu ya wa kwao ili mteja abofye asichokiona, iwekwe kwa kila mtu: kwa wengi gharama yake ni ndogo sana.

Kwa muhtasari: orodha ya ruhusa ni dhaifu mlangoni lakini inafaa kwenye njia za kutokea, nonsi na heshi ni imara mlangoni, ila nonsi haimtambui mwenyeji aliyegeuka na heshi haifai pale kodi yake inapobadilika kila mara, na kodi safi ni msingi, ila haifiki kwenye kodi ya wengine. Kinachotenganisha sera hai na pambo ni kuwepo kwa mtu mwenye jina, anayesoma ripoti, anayeulizwa kabla skripti mpya haijaingia, na anayefuta zile zisizo na kazi tena. Tovuti isiyo na mtu huyo, hata ikipewa alama ya kijani na kila chombo cha ukaguzi, imebandika mstari tu. Kabla ya kuandika sera, basi, andika orodha ya skripti zilizomo kwenye ukurasa wako na kazi ya kila moja. Ile utakayoshindwa kueleza kazi yake, anza nayo.